Farasi Waliofichwa Dukani kwa Basharat

Mheshimiwa Kamishna wa Mkoa, ambaye mwenyewe hayupo lakini kiti chake kipo, na taulo jeupe la kiti chake lipo, na kwa mujibu wa itifaki taulo likiwepo mwenye taulo amewakilishwa; Waheshimiwa Wajumbe wa Kamati ya Bei, ambao nao wametuma salamu; Ndugu Mwenyekiti wa Umoja wa Wauza Vitambaa; Ndugu Mwenyekiti wa Umoja wa Wauza Vitambaa uliojitenga na ule wa kwanza; wazee wangu wa Soko la Juu na Soko la Chini; walimu, wachinjaji, wauza kuku, wauza simu; kina mama mlioketi upande ule wa pazia; vijana mliopanda ukutani, shukeni; nami mwenyewe, Rana Nazakat Gulzar, Naibu Msimamizi wa Bei, Mizani na Vipimo wa tarafa hii ya Kot Mirza, mwenye stashahada ya takwimu tumizi na cheti cha semina ya Multan, semina ambayo wengi waliitwa na wachache tuliamka: itifaki imezingatiwa, na ambaye sikumtaja ajihesabu ametajwa.

Assalamu alaykum. (Watu wanaitikia. Mmoja wa nyuma anaitikia akiwa amechelewa, na wote wanamgeukia.)

Leo ni siku ambayo historia ya tarafa hii itagawanywa sehemu mbili, yaani kabla ya leo na baada ya leo, na hilo silisemi kwa kujisifu, maana kujisifu si hulka yangu, na wote walionifahamu tangu nikiwa mpima mizani mdogo kule soko la mboga watawaambieni kwamba Nazakat ni mtu wa vitendo, mtu wa matokeo, mtu ambaye akiahidi jambo, basi jambo hilo limeahidiwa. (Makofi.) Nyuma yangu mnaona utepe mwekundu. Nyuma ya utepe mnaona pazia la maua tulilokodi kwa mwenye mahema. Na nyuma ya pazia, ndugu zangu, kuna Banda la Serikali la Bei Nafuu kwa Bidhaa za Mchezo wa Simu, la kwanza katika mkoa huu, na kwa taarifa nilizonazo, ambazo nimezikusanya mwenyewe, la kwanza duniani. (Makofi. Sauti ya mwanamke kutoka upande wa kina mama: "Na duka la mwanangu je?")

Mama Basharat, tafadhali. Nitafika huko. Hotuba ina mtiririko wake.

Kwa wale wasioujua mchezo wenyewe, na nadhani hao ni marehemu wetu tu, ni ule wa Ngome Saba. Kuuingiza kwenye simu ni bure. Kuucheza ni bure. Unapewa mpiganaji wako bure, naye ana upanga wa mti na viatu vya kuazima, na vitani anakwenda kwa miguu. Kisha anakupita mwenzako juu ya farasi mweusi mwenye tandiko la dhahabu, na vumbi lote linaishia usoni kwako. Hapo ndipo mchezo unakuuliza, kwa upole kabisa, kama usingependa kununua almasi kidogo, maana farasi huuzwa kwa almasi, na almasi huuzwa kwa rupia, na rupia unazo wewe, au anazo baba yako katika mfuko wa kanzu iliyotundikwa ukutani. (Vicheko. Kina baba kadhaa wanapapasa mifuko.)

Malalamiko ya wazazi yaliponifikia mezani, kiongozi mwingine angesema huo ni mchezo wa watoto. Mimi nikasema hapana, penye bei nipo. Nikaunda kikosi kazi, kikosi kazi kikaandaa hadidu za rejea, hadidu za rejea zikazaa andiko dhana, na andiko dhana likapendekeza, baada ya upembuzi yakinifu, kwamba kiundwe kikosi kazi. (Makofi ya mtu mmoja, karani wake Tufail.) Na kwa kuwa mimi si mtu wa kukaa ofisini, nikaingia uwandani mwenyewe. Niliuweka mchezo huo katika simu ya ofisi, kwa ajili ya utafiti tu, nikaufanyia utafiti asubuhi, nikaufanyia utafiti mchana, na mke wangu ni shahidi kwamba hata chakula kikiwa mezani kinapoa mimi nilikuwa nautafiti. (Kicheko kirefu upande wa kina mama.) Asilimia themanini na saba ya utafiti huo nilishindwa. Hizo ni takwimu halisi, hazijatiwa chumvi.

Nikaona mambo. Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni, na mimi nimeyaona yote mawili katika simu moja. Almasi, ndugu zangu, haziuzwi kwa kadiri ya haja yako. Tandiko linataka almasi nyingi kuliko mfuko mdogo na chache kuliko mfuko mkubwa, wala hakuna mfuko wa kati, na hautakuwapo mfuko wa kati hata ulie machozi ya damu. Ni sawa na mchinjaji akuambie nyama anauza robo au kilo tano, ukitaka kilo moja shauri yako. (Mchinjaji mmoja anasikika akimwambia mwenzake kwamba wazo hilo si baya.) Sasa zile zinazobaki, zinabaki. Huwezi kuzirudisha. Huwezi kumkopesha jirani. Zinakaa pale zikikutazama mpaka unanunua nyingine ili hizo za kwanza zisikae bure, na zikishachanganyika zinabaki tena.

Halafu kuna makasha ya bahati. Hapa naomba kina mama wenye mioyo dhaifu wazibe masikio. Unalipa kwanza, ndipo unafungua uone umenunua nini. Wazee wetu walitukataza kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Humu unauziwa gunia, na mbuzi ni matumaini. Mimi katika utafiti wangu nilifungua makasha kadhaa, idadi siitaji kwa sababu mke wangu amekwishaacha kucheka, na nilichopata ni kofia. Kofia ya manyoya, nyekundu. Kisha nikapata kofia. Kisha nikapata ile ile kofia, na mpiganaji wangu ana kichwa kimoja. (Vicheko. Mtu anasema, "Pole, Bwana mkubwa.") Ahsante. Nimekwishapoa.

Lakini kiongozi msikivu husikiliza pande zote. Tuliitisha kikao cha wadau katika ukumbi wa shule ya wasichana, na pale akasimama binti Arooba, mwanafunzi wa chuo, mtoto wa fundi saa, yule pale anayejifanya anatazama mahema. Akaniuliza mbele za watu kama kuna yeyote aliyeshikiwa kisu anunue tandiko. Akasema yeye anacheza miaka na miaka na hajatoa hata rupia moja, na mpiganaji wake wa miguu amekwishawaangusha wenye farasi chungu nzima. Akasema wanaonunua ndio wanaomlipia yeye, na mtoto wa tajiri akitaka kuning'iniza dhahabu juu ya farasi asiyekula majani, aachwe, maana bila ujinga wake mchezo usingekuwa bure kwa wengine. Nikamwambia, binti yangu, kazi mbaya si mchezo mwema, kwa nini usishone vitambaa? Akanijibu hivi. "Mjomba, katika mji huu hakuna benchi hata moja ambalo msichana anaweza kukaa asiulizwe anamngoja nani. Kule ngomeni hakuna anayeniuliza." (Makofi machache, ya kina mama.)

Nikaandika: suala la mabenchi lipelekwe idara ya bustani. Hatuna idara ya bustani, lakini nimeliandika.

Ndipo akasimama Basharat, mwenye lile duka la simu mkabala na ofisi yangu, ambaye ndiye huwauzia watu wetu almasi, kwa sababu wengi wetu hatuna kadi za benki, tunampa yeye rupia, yeye anatuwekea. Basharat alisema kwamba binti Arooba hakukosea, ila kuna jambo moja. Ana binamu yake dereva huko Dubai, na binamu huyo hununua tandiko lile kwa jasho la saa moja. Hapa mpanga matofali hulinunua kwa jasho la siku nzima. Tandiko ni moja, mchezo ni mmoja, bei ni moja, ila jasho si moja, na aliyeipanga bei hiyo hajawahi kushika tofali la Kot Mirza. Akaongeza kwamba yeye mwenyewe huongeza juu ya bei kidogo sana, pesa ya chai na ya umeme, na kwamba mtoto akija na simu ya mama yake humrudisha amwite huyo mama. (Sauti za kina mama: "Ni kweli. Alimrudisha na wa kwangu.")

Kwa hiyo mimi, kama mtaalamu, nikafanya majumuisho, kwamba bei hiyo ni ya haki kwa namna isiyo ya haki, na ni ya dhuluma kwa namna ya hiari, na kwamba anayelipa anamsaidia asiyelipa pasipo kumpenda, na kikao kikafungwa kwa sambusa.

Wananchi lakini walitaka vitendo. Niliamua kuiandikia kampuni ya mchezo onyo kali lenye aya kumi na mbili. Tatizo likawa anuani. Kampuni haina anuani, ina kitufe, kinauliza kama umeridhika na huduma. Nikabonyeza sikuridhika. Wakanishukuru kwa maoni yangu. Nikabonyeza tena kwa hasira, wakanishukuru tena. Huwezi kumshtaki mtu anayekushukuru. Kampuni sikuipata, ndugu zangu. Basharat nilimpata, kwa sababu nikifungua dirisha la ofisi namwona. (Mama Basharat: "Haya, sema ulichomfanya.") Nasema, mama, nasema.

Mnajua kwamba kila alfajiri, mnada wa mboga ukiisha, ofisi yangu hutoa orodha ya bei za siku, na kila duka hulazimika kuitundika pale mteja anapoiona, na asiyeitundika ananijua. Nyanya bei yake, vitunguu bei yake, dengu, kuku hai, kuku aliyechinjwa. Basi mimi, kwa ubunifu ambao hata Lahore bado hawajaufikia, nikachukua kalamu, na chini ya kuku aliyechinjwa na juu ya mayai nikaandika: farasi mweusi mwenye tandiko la dhahabu, mmoja, rupia mia nne na hamsini. Nikapiga muhuri. Tufail akatawanya nakala tarafa nzima.

Sikutegemea kwamba orodha yetu inasomwa vijijini kwa makini kiasi kile. (Kicheko kinaanza taratibu, kinasambaa.)

Jua halijapanda sawasawa walikuwa wamekwishafika. Walikuja kwa baiskeli, walikuja kwa trekta, kila mtu na kamba yake mkononi, na wengine na mafungu ya majani mabichi, maana mtu mstaarabu hamchukui mnyama safarini bila kumlisha. Mbele yao alikuwa Mzee Allah Ditta wa kijiji cha Chak Peelu, yule pale mstari wa pili mwenye kilemba cha buluu, ambaye tangu punda wake afe amekuwa akivuta mkokoteni mwenyewe. Walikwenda moja kwa moja hadi duka la kwanza lililotundika orodha yenye farasi, na duka hilo, kwa kuwa ni karibu na ofisi yangu na mwenyewe ni mtiifu, lilikuwa la Basharat. Basharat aliwapa chai. Aliwaeleza. Hawakumwelewa. Mwishowe akatoa simu, akamwonyesha Mzee Allah Ditta farasi mwenyewe akizunguka kwenye kioo, tandiko likimeta, mkia ukipepea. Mzee akamtazama sana. Akatazama meno yake. Akasema, "Mwanangu, huyu nimempenda. Mtoe nje." (Kicheko kikubwa. Mzee Allah Ditta anatikisa kichwa na kusema kwamba hata sasa bado anampenda.)

Fujo iliyofuata mnaijua. Nilipeleka afisa. Afisa akakagua duka zima, chini ya meza, nyuma ya jokofu la soda, darini, asione farasi hata mmoja, na sheria ya kuficha bidhaa, ndugu zangu, sheria ile tuliyowafungia nayo wauza sukari, iko wazi haina kona: bidhaa iliyo katika orodha ya serikali na isiyoonekana dukani, imefichwa. Ningefanyaje? Orodha haiwezi kukosea, ina muhuri. Basi nikaenda mwenyewe, nikafunga kufuli, nikalizungushia kitambaa cheupe, nikadondosha nta nyekundu, nikatia sahihi. Duka la Basharat likafungwa kwa kosa la kuficha farasi. (Mama Basharat: "Farasi wangapi?") Mama, idadi bado inachunguzwa.

Tangu siku hiyo, nakiri, nimekuwa nikimwona Basharat kando ya barabara ametandika shuka, anauza vifuniko vya simu juani. Nimekuwa nikifunga dirisha. Mama yake amekuwa akija ofisini kila asubuhi, anakaa kwenye benchi la wageni, anauliza swali lile lile, duka la mwanangu litafunguliwa lini, maana ndilo linalopika chungu cha nyumba ile, na wakwe walioahidi kumwoza binti yao wamesema wanangoja hadi Idi, wakikuta kijana bado yuko juu ya shuka, basi kila mtu ashike njia yake. Na Idi hiyo hapo inabisha hodi. Watu wananiambia, Nazakat, uvunje tu huo muhuri, unakuuma nini? Jamani, muhuri si ganda la karanga. Kuuvunja kunataka nikiri kwa maandishi kwamba uliwekwa kwa makosa, na makosa hayakutengewa fungu katika bajeti ya mwaka huu. (Minong'ono.)

Badala ya kutazama nyuma, nikatazama mbele. Ndipo nikaja na Mpango Mkakati Shirikishi wa Banda la Bei Nafuu, ambapo kila mwananchi atajipatia farasi kwa bei ya orodha, na pale kampuni itakapodai zaidi, tofauti italipwa na ruzuku. Mpango huu utawanufaisha watu elfu arobaini na moja, idadi ambayo ni kubwa kuliko wakazi wa tarafa, na hiyo ndiyo maana ya maendeleo. (Makofi ya Tufail.) Makasha ya bahati yatafunguliwa kwanza na afisa wangu, yatapimwa, yatatiwa chapa, ndipo mnunuzi ayanunue akijua kilichomo. Mfuko wa almasi wa kati utakuwepo. Lililokosekana ni chumba tu. Nilikitafuta kwa udi na uvumba. Kila mwenye chumba akisikia mpangaji ni serikali anakumbuka kwamba ana mgonjwa ndani.

Na hapa, ndugu zangu, nataka niwaonyeshe uzalendo una sura gani. Asubuhi moja Mama Basharat akaingia ofisini, safari hii na bakuli la wali wa maziwa uliotiwa kokwa za pista juu, moto, na hakuuliza habari ya duka hata kidogo. Aliniambia nile kwanza. Nilipokuwa nakula akasema amesikia serikali inahangaika na chumba, na inamuuma kuona mtu mkubwa kama mimi anazungushwa na wenye nyumba. Akaniuliza kwa nini nipange, ilhali kipo chumba tayari kiko mikononi mwa serikali, mkabala na ofisi, chenye umeme, chenye feni, chenye meza ya kuuzia. "Kufuli ni lako, Bwana mkubwa, na nta ni yako. Nani wa kukuuliza?" Nilitokwa na machozi, na si kwa sababu ya wali. Mama ambaye mwanawe amekosa, anatoa duka la mwanawe liendeleze taifa. (Makofi makubwa kuliko yote, yanayoanzia upande wa kina mama na kuenea hadi ukutani kwa vijana.)

Mnaona jinsi wananchi wanavyoupokea mradi? Sasa naomba mkasi. Kinyozi, ahsante, ufute nywele kidogo. Kwa mamlaka niliyopewa, na kwa niaba ya taulo la Mheshimiwa Kamishna, naukata utepe huu. (Anakata. Makofi.) Naliondoa pazia hili. (Anavuta. Pazia linakwama. Tufail anavuta. Pazia linaanguka lote, na mlango wa chuma wa duka la Basharat unaonekana, na juu yake kibao kipya ambacho rangi yake haijakauka.) Na muhuri huu, ambao niliuweka kwa mkono wangu, nauvunja kwa mkono wangu, mbele yenu nyote muwe mashahidi. (Anavunja nta. Anafungua kufuli. Mlango unanguruma ukipanda juu. Mama Basharat anasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Basharat, ingia, mwanangu, ufute vumbi." Basharat anapita chini ya mkono wa Nazakat na kuingia.)

Naam, Tufail, nini? Si unaona nahutubia. (Tufail anamnong'oneza.) Karani wangu ananikumbusha jambo la kitaalamu, kwamba muhuri ukivunjwa hadharani na yule yule aliyeuweka, mbele ya mashahidi, kesi yake imekufa. Imekufa vipi? (Tufail ananong'ona.) Imekufa kabisa. Haiwezi kufunguliwa upya ila kwa mlalamikaji mpya, na wa kwanza nilikuwa mimi. Na haya yote, Tufail, hukuyajua asubuhi? (Tufail anatazama viatu vyake.) Anasema aliyajua tangu juzi, lakini Mama Basharat alimpelekea na yeye bakuli.

(Kicheko kinavunja mkutano. Watu wanaanza kuinuka.)

Kaeni. Kaeni, jamani, hotuba haijaisha. Hivyo ndivyo nilivyokusudia tangu mwanzo. Kiongozi mwenye maono huutoa uamuzi wake mwishoni ili wananchi wapate hamu. Mama Basharat, huna haja ya kulia, leo ni siku ya furaha. (Mama Basharat, akifuta macho kwa upande wa mtandio wake: "Nalia kwa sababu yako, Bwana mkubwa, nakushukuru. Njoo kesho ule tena.") Nitakuja. Naomba mlioingia dukani mtoke kwanza, uzinduzi una hatua zake. Basi walioingia wabaki, wengine wasiingie. Basi ingieni, lakini kwa mstari.

Nahitimisha kwa kaulimbiu, naomba mnijibu kwa nguvu. Farasi kwa wote? (Wachache: "Kwa wote.") Bei ya haki? ("Siku moja.") Nazakat? (Sauti ya Arooba kutoka ndani ya mstari: "Mpeni kofia.") (Kicheko.) Ahsanteni kwa ari hiyo.

Nabakiwa na shukrani. Namshukuru mwenye mahema, ambaye naona anakunja viti mlivyokalia kwa sababu mahema yana arusi jioni, na taulo la Kamishna, bwana, hilo si lako, lirudishe. Naishukuru Wizara, ambayo haijajibu, kwa kuwa sijaiandikia. Naishukuru ruzuku, ambayo ingekuwepo kama ingeombwa. Nawashukuru wafanyakazi wote wa Banda la Bei Nafuu, ambao hawajaajiriwa, kwa moyo wao wa kujitolea. Nalishukuru Banda lenyewe, ambalo halina almasi, halina mfuko wa kati, halina fungu, wala halimo katika mpango wowote wa serikali hii isipokuwa katika kibao hiki, na mchoraji wake bado anadai, aje ofisini nitafungua dirisha tuzungumze. Na kwa namna ya pekee namshukuru ndugu Basharat kwa kukubali kukaimu kama Mratibu wa Banda pasipo mshahara, akitumia duka lake, meza yake, simu yake na bei yake. Bei, Mzee Allah Ditta? Bei ni ile ile ya kampuni. Nilipiga simu, sikumpata mtu. Orodha ya kesho itakuwa na kuku aliyechinjwa, kisha mayai, na katikati hapatakuwa na kitu.

Basharat, ndugu yangu, wewe uliye ndani. Nisamehe. Nilikupata wewe kwa sababu uko karibu. (Basharat, bila kuinua kichwa, anamhudumia mteja: "Yamekwisha, Mheshimiwa. Mwambie anayefuata asogee.")

Kwa hayo machache, ahsanteni sana kwa kunisikiliza, wale mliobaki. Mkutano umefungwa. Tufail, shika hizi karatasi na hii simu ya ofisi, hapana, simu nipe mimi. Kuna tandiko jipya la Idi limetoka, la fedha, lina vikengele, wanasema kesho linaondolewa na halirudi tena, na utafiti lazima uendelee. Mzee Allah Ditta, wewe unanunua nini? Vocha ya kumpigia binti yako. Vizuri. Na wewe ndiye wa mwisho kwenye mstari?

Haya, mimi niko nyuma yako.